AI na filamu: mimi naona waingiza sauti ndio watakaotangulia kukosa kazi, siyo waigizaji

#1 Mpenda Sinema
Habari wakuu.

Kila mjadala wa AI na filamu humu unaishia kwenye swali moja: mastaa wa Bongo Movie watakula wapi? Naona tunaangalia pasipo. Sura inayojulikana ina mashabiki wake, na mashabiki ndio wanaoleta hela. Atakayetangulia kuondoka ni yule ambaye mtazamaji hamjui hata jina: mtu anayeingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, Kichina na Kihindi.

Kazi hii kwetu bado changa. Mwaka 2011 TBC walianza kurusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Baada ya hapo vijana wengi wakapata riziki kupitia ving'amuzi. Sasa hivi kuna programu inayomsikiliza mwigizaji wa Istanbul, inatafsiri, inamsemesha lugha nyingine kwa sauti yake ile ile, na mdomo unafuata maneno. Mei 2025 filamu ya Kiswidi ilioneshwa kwenye kumbi za Marekani ikiwa ya Kiingereza, midomo imerekebishwa kwa AI, mtu hajui kama ni ya Kiswidi.

Nani humu anafanya kazi za sauti? Hali ikoje huko studio?

#2 Chalii wa Sakina
Mkuu unailaumu mashine wakati tasnia iliuawa zamani. Msambazaji alikuwa ananunua masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa bei moja, prodyuza anaondoka na bahasha, hata filamu ikiuza nchi nzima haongezewi shilingi. Zikaja stempu za TRA mwaka 2013, bado nakala feki zikajaa mtaani. Halafu bando likashuka bei na watu wakahamia YouTube. AI inakuta maiti imeshaoshwa.

#3 Kibanda Umiza
Mimi nina banda la kuonesha muvi na mpira, niwaambie kitu ninachokiona kwa macho. Muvi ya Kikorea ikiwa na maandishi chini, mabenchi matupu. Ikiwa imetafsiriwa na DJ, watoto wanakaa chini kwa kukosa nafasi. Na hawaji kwa ajili ya tafsiri sahihi. DJ anamwita jambazi jina la mbunge, anasema "huyu amekopa kikoba hajarudisha", anamtania mtu wa Mbagala. Hayo hayapo kwenye muvi kabisa! Mashine itayatoa wapi?

#4 Fundi Sauti
Nimeitwa nimeitika. Nafanya kazi ya kuingiza sauti, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Watu wanadhani unakaa, unasoma karatasi, unaondoka. Skripti inakuja imeshatafsiriwa, lakini mtafsiri hakuipima na mdomo. Mturuki anafungua mdomo mara tatu, wewe umeandikiwa sentensi ya silabi kumi na nne. Unasimama mbele ya maiki, umevaa spika za masikioni, dairekta wa sauti yuko ng'ambo ya kioo, mnakata maneno papo hapo hadi yaingie. Halafu siyo mhusika mmoja. Unaweza kuwa daktari asubuhi, mchana ukawa mlevi, jioni baba mkwe, wote katika kipande kimoja, na mtazamaji asijue ni mtu yuleyule. Kuna kulia. Kulia kwa sauti bila uso wako kuonekana ni kazi kubwa kuliko kulia mbele ya kamera, kwa sababu kamera inaona machozi, maiki haioni. Kuna kukimbia, unahema pale pale ulipo bila kugonga meza. Mkimaliza mnaitwa wote kupiga kelele za umati wa sokoni.

Sasa mabadiliko. Kwanza, walioguswa kabla yetu ni watafsiri wa skripti. Ofisi nyingine hazimwiti tena mtafsiri, wanapitisha skripti kwenye mashine kisha wanamwita mtu "asafishe". Malipo ya kusafisha ni madogo kuliko ya kutafsiri, na kazi wakati mwingine ni kubwa zaidi, maana mashine haijui nani kwa nani. Binti wa kijijini anamwambia babu yake "mambo vipi". Mama mkwe anaongeleshwa kama rafiki wa chuo.

Pili, mikataba. Zamani nilikuwa nasaini karatasi moja yenye jina la tamthilia na idadi ya vipande. Mwaka huu nimepewa mkataba wenye mstari unaosema sauti yangu itatumika "kwa teknolojia yoyote iliyopo na itakayokuja". Sitaitaja ofisi. Wenzangu wamesaini, kodi ya nyumba haingoji. Mimi nimeomba muda.

Kwa hiyo @Mpenda Sinema, hali ndiyo hiyo. Hatujafukuzwa. Tunaombwa tuache sauti ofisini tukiondoka.

#5 Mtanga Halisi
#4 imenitoa jasho. Huu mstari ndio ule waliogomea waigizaji wa Hollywood mwaka 2023, waligoma miezi mitano. Studio zilitaka kumpiga picha za kompyuta mtu wa nyongeza, wamlipe siku moja, halafu sura yake iwe yao milele.

#6 Wakili wa Mtaa
@Mtanga Halisi, tuweke sawa. Waliogoma karibu miezi mitano ni waandishi wa skripti: siku 148, kuanzia Mei 2 hadi Septemba 27, 2023. Waigizaji waligoma siku 118, kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9. Hiyo habari ya siku moja na sura ya milele ilisemwa na chama cha waigizaji, SAG-AFTRA. Studio zilikana, zikasema pendekezo lao lilihusu filamu ile ile tu aliyoajiriwa mtu. Nani alisema kweli tuwaachie wao, lakini mkataba uliotoka ulitaka ridhaa na malipo kabla ya kutengeneza nakala ya kidijitali ya mwigizaji. Waandishi nao walipata kipengele kwamba AI haihesabiki kuwa mwandishi, na kampuni ikimpa mwandishi maandishi yaliyotoka kwa AI lazima imwambie.

Walipata hayo kwa sababu wana chama ambacho kikisema simama, kamera zinazimwa. Sisi tukisema simama anaitwa mtu mwingine wa Sinza, kesho kazi inaendelea.

#7 Dada Edita
Naomba niongee upande wa pili maana humu mnalia tu.

Mimi ni edita. Asilimia kubwa ya filamu zetu zinaharibika kwenye sauti. Mmeshuti nyumba ya Kimara, mazungumzo ya mapenzi, nyuma kuna bodaboda, jenereta na jogoo. Zamani ilikuwa ni kuwaita waigizaji warudie studio, hela hakuna, basi inatoka hivyo hivyo. Leo naichuja sauti kwa AI, nabaki na maneno peke yake, naweka mandhari upya. Kazi ya siku mbili inaisha kabla ya chakula cha mchana. Manukuu, ni hivyo hivyo. Kava na posta, ni hivyo hivyo.

Netflix wenyewe walisema Julai 2025 kwamba kwenye tamthilia yao ya Argentina, El Eternauta, jengo linaloporomoka Buenos Aires lilitengenezwa kwa AI, na kazi ilikwenda mara 10 haraka zaidi ya njia za kawaida. Kwa bajeti yetu jengo halikuwa linaporomoka kabisa! Mwandishi alikuwa anaambiwa "hiyo sini toa". Sasa anaweza kuiandika.

#8 Msela wa Temeke
Dada Edita umesema posta ni hivyo hivyo. Na yule kijana aliyekuwa anakutengenezea posta yuko wapi?

#9 Dada Edita
@Msela wa Temeke yupo, anapiga picha za harusi. Swali lako zuri na linauma. Lakini mwenye filamu ananiletea hela ya kazi moja na anataka kazi tatu. Nimkatalie halafu?

#10 Mama Nasra
Salaam kutoka Muscat. Mimi si mtu wa filamu, ni mtazamaji. Mama yangu ana miaka mingi huku, Kiarabu chake cha sokoni, lugha anayoipenda ni Kiswahili. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili ndizo zinazomkutanisha na wajukuu jioni, kwa sababu wajukuu nao Kiswahili kinawapotea. Anazijua sauti. Juzi sauti ya mhusika ilibadilika katikati ya msimu, akasema "huyu siye, yule wamemfanya nini?" Hajui jina la msemaji wala hajawahi kumwona, lakini alimkosa. Kwa hivyo @Mpenda Sinema, si kweli kwamba hawana mashabiki.

#11 Fundi Sauti
Mama Nasra, mfikishie mama shikamoo yangu. Hakuna aliyewahi kutuambia hilo.

#12 Mja wa Likoni
Ndugu zangu wa bara na visiwani, na sisi tuingie. Kenya tuna DJ Afro, ametafsiri muvi za mapigano miaka na miaka, mpaka matangazo ya biashara sasa yanataka mtindo wake. Nakubaliana na #3, watu wanamfuata yeye. Lakini hapo ndipo hatari ilipo pia: sauti yake imejaa mtandaoni, saa na saa. Mtu akitaka kuifundisha kompyuta iongee kama yeye, malighafi haikosi.

Upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inapotaja data za kibayometriki inataja kutambua mtu kwa sauti. Kwa hivyo sauti ya mtu siyo kitu cha kuokota tu. Tanzania mko wapi?

#13 Wakili wa Mtaa
@Mja wa Likoni, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Hakimiliki ipo tangu 1999, Sheria Namba 7, chini ya COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki. Hakimiliki inalinda kazi uliyoifanya, ile rekodi, ule uigizaji. Sauti yenyewe, yaani namna koo lako lilivyo, ni habari nyingine. Ndiyo maana nasema pa kujikinga ni kwenye mkataba, usingoje mahakama.

#14 Chalii wa Sakina
Sauti mbona wenzetu wanaiba hata za marehemu. Darth Vader wa Star Wars, yule mzee James Earl Jones, alipofariki tu wakaitengeneza sauti yake kwa kompyuta.

#15 Mpenda Sinema
@Chalii wa Sakina umegeuza mpangilio. Kampuni ya Kyiv inayoitwa Respeecher ilitengeneza sauti hiyo kwa tamthilia iliyotoka 2022, mzee akiwa hai na ameridhia rekodi zake za zamani zitumike. Alifariki Septemba 2024. Kilicholeta ugomvi ni Mei 2025, sauti ile ilipowekwa kwenye gemu la Fortnite ikawa inajibizana na wachezaji. Familia ilikubali, lakini SAG-AFTRA wakalalamika kwamba kazi ya sauti ilichukuliwa bila kujadiliana na chama. Yaani hata ruhusa ikiwepo, bado yupo mtu hai ambaye angeitwa kuifanya kazi hiyo na hakuitwa.

#16 Mtanga Halisi
Hapo kwenye marehemu mmenigusa. Mzee wetu King Majuto alituacha Agosti 2018. Kanumba alituacha Aprili 2012. Klipu zao mpaka leo zinazunguka kwenye magrupu. Ni suala la muda tu, mtu atamtoa King Majuto mpya anauza sabuni. Watu watacheka, watasambaza, halafu familia yake Tanga itaona kama wengine wote, kwenye simu.

Mimi kwa kweli sitaki kuona Majuto anayesema maneno ambayo Majuto hakuyasema. Mzee alikuwa anachekesha kwa kunyamaza. Anakutazama, anasogeza kofia, watu hoi.

#17 Msela wa Temeke
Ila Mtanga Halisi ikitoka utakuwa wa kwanza kuitupia status.

#18 Mtanga Halisi
Sitaitupia. Niliwahi kukaa naye baraza moja, namheshimu.

#19 Shabiki wa Mumbai
Na wenye filamu wanaweza kufanya bila kumuuliza hata aliye hai. India Agosti 2025 filamu ya Raanjhanaa ya mwaka 2013 ilirudishwa kumbini kwa Kitamil, mwisho umebadilishwa kwa AI. Mwigizaji mkuu Dhanush anakufa mwishoni, sasa wakamfufua. Kampuni yenye haki ikasema filamu ni mali yake. Dhanush akalaani hadharani, dairekta Aanand L. Rai naye vile vile. Mliokua na filamu za Kihindi mnajua mwisho ule una maana gani, watu walitoka wanalia.

Kwa hiyo @Chalii wa Sakina pale #2 uliposema msambazaji alinunua masta, fikiria: zile masta za miaka ile ziko kwa nani leo? Mwenye nazo anaweza kuamua harusi iwe msiba.

#20 Chalii wa Sakina
Hiyo pointi ni nzito. Na ndiyo inarudi nilikoanzia: tatizo ni umiliki, AI imekuja kutuonesha tuliuza nini.

#21 Seremala wa Jukwaa
Mnabishana sauti na sura, watu wa mikono mmewasahau. Februari 2024 Tyler Perry alisimamisha upanuzi wa studio yake Atlanta, mradi wa dola milioni 800, baada ya kuona video za Sora, programu ya AI ya kutengeneza video. Hapo kumepotea kazi za seremala, fundi umeme, dereva, mpishi, mtu wa mavazi. Mimi nagongea misumari majukwaa na seti hapa Dar. Dairekta mmoja kaniambia hahitaji tena ukuta wa ikulu ya zamani, ataweka mandhari kwa kompyuta. Ukuta ule ungelisha watu watano wiki nzima.

#22 Dada Edita
@Seremala wa Jukwaa pole kaka. Lakini nimejaribu hizo video ambazo unaandika maelezo, AI inazitengeneza. Veo 3 ya Google ilitoka Mei 2025 ikiwa na sauti humo humo, inatisha kweli, ila ilitoka na vipande vya sekunde 8. Ukitengeneza kipande cha pili yule dada amebadilika masikio, kitenge kimekuwa cha maua mengine. Ukiomba mtaa wa Kariakoo inakupa mji usiojulikana, na maandishi ya mabango ni takataka. Kwa tangazo inafaa. Kwa hadithi ya saa moja na nusu bado nakuhitaji na msumeno wako.

#23 Seremala wa Jukwaa
"Bado". Sawa dada.

#24 Mtunzi Kijana
Swali kwa Wakili. Filamu niliyoitengeneza yote kwa AI ni yangu?

#25 Wakili wa Mtaa
Kwa Marekani, ofisi yao ya hakimiliki imesema Januari 2025 kwamba kuandika maelekezo peke yake hakutoshi kukufanya mwandishi, lazima kuwe na mchango wa binadamu unaoonekana. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubaliana kwamba mwandishi lazima awe binadamu. Ulichoandika, ulivyokata na kupanga, hicho unaweza kudai. Kwetu sheria ya 1999 iliandikwa ikimfikiria mtu mwenye kalamu au kamera, kwa hiyo ukipeleka COSOTA filamu isiyo na mtu jiandae kuulizwa maswali.

#26 Jirani wa Kampala
Nimechelewa. Kuhusu #3, njooni Wakaliga muone. Nabwana Isaac na studio yake ya Wakaliwood walifanya muvi za mapigano kwa hela kidogo sana, na wakaweka VJ Emmie anaongea juu ya muvi yao wenyewe, anashangilia, anatania waigizaji. Wazungu walivutiwa na hilo kuliko milipuko. Hapa kina VJ Jingo wanatafsiri kwa Kiganda na wana majina makubwa kuliko waigizaji wengi. Mtu anayecheka pamoja nawe hawezi kutolewa kwa bei rahisi.

#27 Kibanda Umiza
Umenena jirani. Sisi tulikuwa na Lufufu, wazee wa Dar wanamkumbuka. Alikuwa haitafsiri muvi, anaisimulia upya.

#28 Mpenda Sinema
Sawa, lakini wasimulizi na waingiza sauti ni kazi mbili. Msimulizi anasimama mbele ya muvi, jina lake liko kwenye kava. Fundi Sauti anatakiwa ajifiche ndani ya Mturuki. Hoja ya Kibanda na Jirani inamwokoa DJ, haimwokoi yeye.

#29 Mja wa Likoni
Na pia #1 nikurekebishe kidogo. Ile filamu ya Kiswidi, waigizaji wenyewe waliingia studio wakarekodi upya maneno yao kwa Kiingereza. Kompyuta iligusa midomo tu. Kwa hiyo mfano wako unaonesha watu wakifanya kazi ya sauti.

#30 Mpenda Sinema
Ni waigizaji wenyewe, ndiyo. Waliokosa ni wale ambao zamani wangeitwa kuwaigizia. Mwigizaji wa Istanbul hajui Kiswahili, kwa hiyo kwetu itabaki mashine au Fundi Sauti.

#31 Fundi Sauti
Nimesoma yote, ahsanteni. @Wakili wa Mtaa, nikirudi ofisini nisemeje? Nikikataa moja kwa moja nitaitwa mkaidi.

#32 Wakili wa Mtaa
Usikatae, omba mstari ubadilishwe. Sema rekodi itumike kwa tamthilia iliyotajwa, na marudio yake. Sema isitumike kufundishia wala kutengenezea sauti ya kompyuta bila mkataba mwingine wa maandishi wenye malipo yake. Weka muda wa mwisho, miaka kadhaa, siyo "milele". Na rekodi za majaribio, zile unazosoma ili wakupime, zifutwe usipopewa kazi. Watu wengi wanasahau za majaribio. Mkienda watu sita pamoja na karatasi moja itakuwa vizuri zaidi kuliko kwenda mmoja mmoja.

#33 Fundi Sauti
Sita nitawapata. Wawili wameshasaini lakini wako tayari kurudi kuomba. Kuna mmoja anasema tukibana sana kazi itapelekwa Nairobi.

#34 Mja wa Likoni
Huku nako kuna watu wanaambiwa wakibana itapelekwa Dar. Nitumie hiyo karatasi inbox, niwape wa huku wasome kabla hawajasaini.